Mashine Imesema Ana Malaria, Fundi Amesema Hana

"Assalaamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Wete, Pemba. Kijana wangu wa mwisho ana miaka minne. Juma lililopita alishikwa na homa kali, nikampeleka kituo binafsi kilicho karibu nasi. Pale wana hadubini iliyofungwa simu: damu inapigwa picha, halafu akili mnemba inaisoma. Karatasi ikatoka imeandikwa 'Vimelea vya malaria: vipo. Uhakika 97%.' Chini yake kwa maandishi madogo: 'Chembe nyekundu za umbo la mundu zinashukiwa, thibitisha.' Akaanzishiwa dawa mseto. Siku ya tatu wakaja nyumbani watu wa malaria wa wilaya, wakatupima sote kwa kipimo cha haraka. Hakuna aliyekutwa nayo, hata yeye mwenyewe. Siku hiyo hiyo nikampeleka hospitali, fundi akaitazama damu kwa macho yake, akasema hamna kitu. Dozi nimeimaliza na homa imeshuka, ingawa jana usiku ilirudi kidogo, na bado mnyonge na analalamika miguu. Wiki mbili kabla ya kuumwa tulikuwa Tanga harusini. Mume wangu anasema mashine haikosei kwa sababu haichoki, na homa kushuka kwa dawa ndio ushahidi. Mama yangu anasema mashine zile ni za kutafutia pesa. Nimwamini nani? Na hizo picha za damu ya mwanangu zimekwenda wapi?"

Waalaykumu salaam, dada yangu, na pole kwa kuuguza. La mashine na mtu nitakujibu, maana naona limeshaingia mpaka ndani ya nyumba, lakini kwanza nataka ufanye jambo moja: mrejeshe mtoto hospitali leo, na usingoje kumaliza kusoma. Ule mstari wa chini wa karatasi umeutaja kwa kupita tu, na mimi ndio ulionishitua. Mtoto wa miaka minne mwenye homa inayorudi, miguu inayouma, na damu inayoshukiwa kuwa na chembe za mundu, yaani huenda ana ugonjwa wa selimundu, huyo ni wa kuonwa na daktari ana kwa ana. Ukimwona anahema mbio, macho yamekuwa ya manjano, viganja na midomo imepauka, tumbo limejaa upande wa kushoto chini ya mbavu, hataki kunywa, au anasinzia kupita kawaida yake, basi hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenu.

Mumeo ana haki katika nusu ya maneno yake. Kusoma slaidi ya malaria, yaani kile kioo kilichopakwa tone la damu, ni kazi inayochosha. Hadubini inakuza mara 1,000, kwa hiyo kila unapotazama unaona kipande kidogo mno cha lile tone, na msomaji hatakiwi kuandika "hamna" mpaka awe ametazama vipande 100 kama hivyo. Mtu aliyeinamia lenzi tangu asubuhi, jicho lake la saa saba mchana silo lile la saa mbili. Mashine haina saa saba mchana. Lakini kutochoka ni jambo moja na kutokosea ni jambo jengine. Mashine hukosea, tena hurudia kosa lile lile kila mara, bila kusita wala kuona haya.

Inakosea vipi? Programu ya namna hii haijui malaria ni nini. Imeoneshwa maelfu ya picha ambazo watu walikwisha kuzitia alama, hii ina kimelea, hii haina, mpaka ikajitengenezea hesabu yake ya rangi na maumbo. Mkusanyo mmoja wa picha unaotumiwa sana duniani kufunzia programu hizi una picha 27,558 za chembe nyekundu, nusu zenye vimelea na nusu safi, zilizotoka kwa wagonjwa 150 wa malaria na watu 50 wasiokuwa nayo kwenye hospitali moja ya Chittagong, Bangladesh. Ni kazi nzuri na imesaidia wengi. Lakini programu iliyozoea slaidi za Chittagong, ukiiletea slaidi iliyopakwa Wete wakati wa masika, inaiona dunia nyengine. Damu imekauka polepole kwa unyevu wa hewa. Rangi ya Giemsa, ile inayotiwa damu ili vimelea vionekane, imechanganywa na maji yasiyopimwa vizuri, ilhali rangi hiyo inataka maji ya pH 7.2, yakizidi uchachu, kimelea hupauka, na yakizidi kinyume chake, slaidi nzima hugeuka buluu. Rangi iliyokaa sana bila kuchujwa hudondosha chenga za zambarau juu ya kioo. Fundi aliyekulia na slaidi hizi anajua ipi ni chenga. Programu inajua tu kwamba hiki kidoti kinafanana na kile ilichooneshwa.

Kuna kitu kimoja ambacho ukikielewa utakuwa umeuelewa mgogoro wote huu. Kimelea kichanga cha falsiparamu, ile aina kali ya malaria, ndani ya chembe nyekundu, huonekana kama pete ya kidole yenye kito: duara jembamba la buluu na kidoti chekundu pembeni. Sasa kuna chembe sahani, zile ndogo zinazosaidia damu kuganda. Mara nyengine chembe sahani moja hutua juu kabisa ya chembe nyekundu, ikazungukwa na uwazi mwembamba, na ukiipiga picha, wallahi, ni pete. Mtu wa maabara anafanyaje? Anashika kile kisukani kidogo cha pembeni mwa hadubini na kukizungusha kidogo tu, huku na huku. Kama ni kimelea, kinafifia na kung'ara pamoja na chembe iliyokibeba, kwa sababu kimo ndani yake. Kama ni chembe sahani, inang'ara peke yake wakati chembe iliyo chini imeshafifia, kwa sababu imekaa juu. Kazi ya sekunde mbili. Simu iliyofungwa kwenye lenzi, ikiwa imepiga picha moja kwa kila kipande, haikuzungusha kisukani chochote. Mashine za bei kubwa hupiga picha kadhaa kwa vina tofauti ili kuliziba pengo hili. Za bei nafuu, nyingi hazifanyi hivyo.

Na hiyo asilimia 97? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na siwalaumu, maana imeandikwa kama hukumu. Nambari ile haisemi kwamba mwanao ana malaria kwa asilimia 97. Inasema kidoti kilichomo kwenye picha kinafanana kwa kiwango hicho na vidoti ambavyo programu ilifunzwa kuviita vimelea. Uwezekano wa mtoto kuwa na malaria unataka pia kujua mtoto huyo anaishi wapi.

Chukua mfano wa hesabu, nambari nimejipangia mwenyewe. Mashine yenye uwezo mzuri tu: katika kila wagonjwa 100 wa kweli inawakamata 95, na katika kila wazima 100 inawaachia 95 na kuwasingizia watano. Ipeleke mahali ambapo watoto 1,000 wana homa na 400 kati yao wana malaria. Itawakamata 380 wa kweli na kuwasingizia 30. Ikisema "ipo", iamini. Sasa ilete mashine ile ile Pemba, ambako katika watoto 1,000 wenye homa tuseme 10 ndio wenye malaria. Itawakamata tisa au kumi, na itawasingizia wengine karibu 50 katika wale 990. Yaani karatasi 60 zimeandikwa "ipo", na 50 kati yake si kweli. Mashine haikuharibika njiani kwenye meli. Kilichobadilika ni uchache wa maradhi. Zanzibar tumetumia miaka mingi ya vyandarua, kupulizia dawa majumbani na mseto kuyafikisha maradhi haya chini ya mtu 1 katika 100 kwenye upimaji wa jamii, na gharama ya mafanikio hayo ni kwamba kila "ipo" ya mashine inahitaji jicho la pili. Haya ndiyo ningependa kila mwenye kituo binafsi anayenunua simu ya namna hiyo ayasikie kabla hajalipa.

Tuitazame sasa kesi ya mwanao kwa tarehe zake, maana ndani yake mna ushahidi ambao nyinyi nyumbani hamkuuona.

Damu aliyoitazama fundi wa hospitali ilitolewa siku ya tatu, dawa imeshaingia mwilini. Mseto wetu, artesuneti na amodiakwini, huvifagia vimelea haraka, na mara nyingi baada ya siku mbili tatu huvioni tena kwenye hadubini. Kwa hiyo "hamna" ya fundi, peke yake, haimwondoi mtoto kwenye malaria ya siku ya kwanza. Hapo mumeo angeweza kushinda.

Lakini wale watu wa wilaya waliokuja na kipimo cha haraka walikuletea jambo kubwa bila ya kujua. Vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea vyenyewe kufa. Mtoto aliyekuwa na malaria ya falsiparamu ya kutosha kuonekana kwenye picha za simu, kipimo hicho kilitakiwa kiwe bado na mistari miwili, maana yake "ipo", siku ya tatu. Chake kilikuwa na mmoja. Hilo linanielemeza upande wa kwamba ile "ipo" ilikuwa ya uongo. Zipo njia za kipimo cha haraka kukosa: vimelea vikiwa vichache mno, vikiwa vya aina isiyokuwa falsiparamu, au vikiwa vile vilivyopoteza jeni ya hiyo HRP2, ambavyo vimeleta tabu sana Eritrea na Ethiopia. Kwa hapa kwetu hizo sio sababu ninazoanza nazo.

Kinachonizuia nisikwambie moja kwa moja "hakuwa nayo" ni harusi ya Tanga. Malaria nyingi tunayoipata visiwani inavuka na abiria kutoka bara, na falsiparamu kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu. Tarehe zenu zinaingia humo humo. Mtoto aliyetoka Tanga hayumo tena kwenye ile hesabu yangu ya watoto 10 katika 1,000. Kwa hivyo kumuanzishia dawa halikuwa jambo la kijinga, na umefanya vyema kuimaliza dozi. Dozi ya malaria haikatizwi katikati kwa sababu jirani amesema hivi au vile.

Kuhusu homa kushuka, mwambie mumeo kwa upole kwamba huo sio ushahidi. Homa nyingi za watoto zinaletwa na virusi na hushuka zenyewe siku ya tatu au ya nne. Chochote utakachokuwa umempa siku ya kwanza kitapata sifa, hata maji ya mchaichai.

Njia ya kuumaliza ubishi ipo, na haihitaji mashine mpya. Rudi kituoni ukaiombe ile slaidi ya siku ya kwanza. Usiombe picha, omba kioo chenyewe. Slaidi iliyopakwa rangi hudumu muda mrefu, na maabara zinatakiwa kuziweka kwa ajili ya ukaguzi. Ipeleke hospitali na uombe isomwe na mtu wa pili ambaye hakuambiwa majibu ya mwanzo. Pemba hatuna uhaba wa macho mazuri: hospitali ya Chake Chake, Abdalla Mzee kule Mkoani, na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, ambayo inafanya kazi tangu mwaka 2000. Wakati upo kituoni uliza pia mawili: simu yao ilipiga picha za vipande vingapi, na je, kuna mtu aliyeiangalia slaidi kwa jicho kabla karatasi haijatolewa? Jibu la swali la pili likiwa hapana, ushajua tatizo liko wapi.

Mama yako naye nisimwache. Mashine hizi sio utapeli. Makerere, Uganda, watafiti walifunga simu kwenye lenzi ya hadubini za kawaida na kuonesha kwamba programu inaweza kumsaidia fundi aliye peke yake na foleni ndefu. Kwenye hospitali kubwa za nje, mashine za kupanga chembe nyeupe kwa aina zake zimekuwepo miaka mingi, na fundi hukaa mbele ya skrini ya kompyuta akithibitisha picha moja moja. Kwa kituo cha Micheweni au Kojani, kuweza kutuma picha ya chembe inayotia shaka kwa bingwa aliyeko hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ni neema. Mimi ningeitaka maabarani kwangu, lakini kwa kazi ya kusema "hebu tazama hapa", na neno la mwisho likabaki kwa mtu anayeweza kuulizwa.

Na hapo ndipo narudi kwenye ule mstari wa chini, kwa sababu pale mashine ilisema hivyo hasa: "zinashukiwa, thibitisha". Ilifanya kazi yake vizuri. Hakuna binadamu aliyeifuata.

Chembe nyekundu nzima ni ya mviringo. Kwenye ugonjwa wa selimundu, himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, iliyomo ndani hujipanga kama vijiti pale oksijeni inapopungua, chembe ikajikunja ikawa mundu, ikakwama kwenye mishipa myembamba, na mtoto akalia mifupa, miguu khasa. Programu inaweza kudanganyika hapa pia. Ukipaka damu kwa nguvu juu ya kioo, chembe huvutika zikawa ndefu, lakini zote huelekea upande mmoja, ule uliokwenda mkono. Mundu za kweli huelekea kila upande na zimechongoka ncha mbili. Fundi mzoefu huzitenganisha mara moja. Kitu chengine cha kujua: mtu aliyerithi jeni ya mundu kwa mzazi mmoja tu, tunayemwita AS, kwa kawaida haoneshi mundu kwenye slaidi ya kawaida. Zikionekana za kweli, bila damu kutiwa dawa yoyote, basi tunamfikiria mtoto aliyerithi kwa wazazi wote wawili. Jiulize: alipokuwa mchanga, viganja au nyayo ziliwahi kumvimba bila kuanguka? Macho huwa ya manjano mara kwa mara? Kuna mtoto katika ukoo, kwako au kwa mumeo, aliyekuwa akiongezwa damu? Kamwambie daktari majibu yote.

Na tazama mambo haya mawili yanavyoweza kukutana. Kwa watoto wengi wenye selimundu bandama huharibika mapema, na kazi yake moja ni kusafisha mabaki ya kiini ndani ya chembe nyekundu. Ikishindwa, mabaki hayo hubaki kama vidoti vidogo vya zambarau, vinaitwa vya Howell-Jolly. Programu iliyofunzwa kwa pete za malaria ikikutana na vidoti vya Howell-Jolly, unaweza kukisia itaandika nini. Huenda karatasi ile ilikosea mstari wa juu kwa sababu ile ile iliyoufanya mstari wa chini uwe sahihi. Nasema huenda, slaidi ndiyo itakayoamua.

Ndiyo maana nimekuharakisha. Mtoto mwenye selimundu ambaye bandama yake haifanyi kazi hana ngao dhidi ya baadhi ya bakteria, na homa kwake haingojwi nyumbani, inatibiwa hospitali siku ile ile, malaria iwepo isiwepo. Ikithibitika, kuna mengi ya kufanywa: penisilini ya kinga, chanjo, foliki asidi, kinga ya malaria, na dawa ya hydroxyurea ambayo imewapunguzia watoto wengi maumivu. Ikikanushwa, umepoteza asubuhi moja tu.

Kuhusu picha, una haki ya kuuliza na kujibiwa. Muulize mwenye kituo kama zinabaki kwenye simu au zinatumwa kwa kampuni, na kama zimefungamanishwa na jina la mtoto. Picha ya chembe bila jina haimtambulishi mtu; jina na nambari vilivyoandikwa pembeni mwa kioo vinamtambulisha. Na ukipata majibu ya usomaji wa pili, warudishie. Picha ikihifadhiwa kwa lebo ya "malaria" hali haikuwa malaria, programu itajifunza uongo huo na kuwapa watoto wengine. Vilevile waarifu wale wa malaria wa wilaya, kwa sababu kesi ya mwanao imeshaingia kwenye hesabu zao.

Hospitali, sema wazi: "Nataka apimwe selimundu." Kile kipimo cha kuchanganya tone la damu na dawa ya kuondoa oksijeni kitaonesha kama jeni ipo, lakini hakiwezi kutenganisha AS na SS, yaani aliyerithi kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo usirudi nyumbani na hicho peke yake. Kinachotenganisha ni elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha maabara cha kuzipambanua aina za himoglobini, au vile vipimo vipya vya haraka vya selimundu vinavyosoma aina ya himoglobini. Kama mashine haipo pale ulipo, damu kidogo kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau inaweza kusafirishwa, mtoto asisumbuliwe. Waombe pia kiwango cha himoglobini na hesabu ya chembe changa nyekundu. Na ikiwa aliwahi kuongezwa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita, waambie kabla hajatolewa damu ya kipimo, kwa sababu damu ya mtu mwengine ikiwa bado inazunguka mwilini mwake itachafua majibu.